Maneno Machache Wakati Kompyuta Inawaka

Ndugu wageni, kabla sijaingia mimi katika jengo hili, watu walikuwa wanaoana kwa kubahatisha. (Minong'ono.) Nong'oneni tu, lakini huo ndio ukweli: mtu alikuwa anaingia kwa mlango ule akiwa kapera, anatoka na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu inayovuja, mvua inamkuta njiani, wino unayeyuka, na akifika nyumbani amekwisha kuwa kapera tena bila hata kugombana na mtu. (Kicheko.) Aliyesimama akasema basi, imetosha, ndoa sasa ziingie katika mfumo wa kidijitali, shirikishi na endelevu, ni huyu mnayemwona mbele yenu, na kama hamnioni vizuri nitapanda juu ya kiti. (Anapanda juu ya kiti.)

Mheshimiwa Mama Msajili wa Ndoa, mwenye muhuri, kidau cha muhuri na kifuniko cha kidau. Mheshimiwa Bwana Harusi, muuguzi ambaye sindano yake, nimeambiwa, mtu anaishukuru kabla haijamwingia. Mheshimiwa Bibi Harusi, fundi wa kompyuta, mpwa wangu mimi, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni hadi mgongo ukachukua umbo lake. Mheshimiwa Mkwe Mkubwa, baba wa bwana harusi, seremala ambaye meza zake haziyumbi hata nyumba ikiyumba. Mheshimiwa dada yangu, mama wa bibi harusi, ambaye naona ananikonyeza nifupishe, nami nitamjibu kwa kurefusha. Waheshimiwa mashangazi wa pande zote mbili, wenye vigelegele na waliopoteza sauti jana. Waheshimiwa mliokaa, waheshimiwa mliosimama, na wewe Mheshimiwa uliyeko dirishani, ambaye hukualikwa ila umevutwa na sauti yangu: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naizingatia sasa hivi kwa mkupuo. (Makofi kutoka dirishani.)

Mimi ndiye Mkuu wa Kitengo cha Mitambo, Mtandao na Mwendokasi cha ofisi hii, Mwenyekiti wa Kamati ya Kompyuta, Katibu wa kamati hiyo hiyo, na siku ambazo kamati inagawanyika kwa hoja, mimi ndiye pande zote mbili. (Kicheko.) Nazungumza nanyi kwa sababu umeme ulikatika wakati maharusi wanakaa, umerudi sasa hivi, Mama Msajili amebonyeza kitufe, na kompyuta inawaka. Na utaratibu wa ofisi hii ni kwamba kompyuta ikianza kuwaka mimi naanza kuzungumza, na ikimaliza kuwaka namaliza. Utaratibu huo haukuandikwa popote, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuvunja. (Mama Msajili, bila kuinua macho: “Machache, Bwana Mkuu.”) Ni machache, Mama, ila yana matawi.

(Mkwe Mkubwa anainuka: “Yakate hayo matawi, mkwe. Basi la vijana linaondoka adhuhuri. Na kule hospitali alikopangiwa kijana wangu, nyumba ya mtumishi mwenye mke haitolewi kwa hotuba. Inatolewa kwa cheti cha ndoa kilichochapwa na mashine, chenye muhuri. Bila cheti leo, kijana anakwenda peke yake, na mke atamfuata siku watakayotaka wao.” Bibi harusi, kutoka kwenye kiti chake: “Mimi sibaki.” Bwana harusi: “Habaki, baba.”)

Mmemsikia Mkwe. Mimi namshukuru kwa mchango wake, kwa sababu amefafanua kwa lugha nyepesi jambo ambalo mimi nilikuwa nimeliandaa kwa lugha nzito: ya kwamba vijana hawa wanahitaji cheti, cheti kinahitaji kompyuta, kompyuta inahitaji muda, na muda, ndugu zangu, unahitaji mzungumzaji. (Makofi machache.) Asitokee mtu akasema ninachelewesha harusi ya mpwa wangu. Mimi siicheleweshi. Ninaisindikiza.

Sasa tuingie katika takwimu. Kabla ya kuanzishwa kwa mradi wangu mkakati, Mradi Jumuishi wa Mtandao wa Ndoa, asilimia sifuri ya kompyuta za ofisi hii zilikuwa na mtandao. Sifuri! Leo, baada ya upembuzi yakinifu, baada ya tathmini, baada ya tathmini ya tathmini, asilimia mia moja ya kompyuta zote za ofisi hii zimeunganishwa. (Sauti ya nyuma: “Ziko ngapi?”) Hilo ni swali la kiufundi, nitalijibu kwa maandishi. (Sauti ile ile: “Mbona mimi naiona moja tu?”) Kwa sababu wewe unatazama kwa macho, ndugu yangu, na mimi nazungumza kwa asilimia. (Kicheko kirefu.)

Na msidhani asilimia hizo zilishuka kutoka mbinguni. Mimi nina mkono na mitambo tangu utotoni. Mashine ya kuchapa mnayoiona pale kwenye kona ilikuwa imekufa, imefunikwa kitambaa kabisa, watu wanapita wanainamisha vichwa. Nikaisogelea. Nikakohoa, kikohozi cha kawaida tu, cha mtu mzima. Ikashtuka, ikatoa karatasi, ikatoa karatasi, hadi nikalazimika kuomba radhi. Muulizeni Mama Msajili. (Mama Msajili: “Ilikuwa imezimwa umeme ukutani, ukaikanyagia swichi.”) Kikohozi na kanyagio, vyote ni vyangu. Wakaja wataalamu kutoka mbali, wenye mabegi ya magurudumu, wakasimama nyuma ya kompyuta hii, wakautazama mtandao wangu, wakatazamana wao kwa wao, wakaondoka bila kuaga. Wataalamu wakikosa la kusema, ndugu zangu, ujue wamekutana na kitu.

Najua wapo wanaobeza. Wapo wanaosema, Mkuu, mbona kompyuta hii kabla ya mtandao ilikuwa inawaka upesi, na tangu mtandao ulipofika mtu anaweza kuposa, kuoa na kujuta kabla haijawaka? (Kicheko. Mkwe Mkubwa hacheki.) Jibu langu ni jepesi. Kompyuta inayowaka upesi haina malezi. Iko moja hapo jirani, ofisi ya leseni, unabonyeza kitufe hivi, imeshawaka, haijakusalimu, haijakuuliza ulilalaje, iko tu, imekukodolea macho. Ya kwetu inatafakari. Tazameni kioo chake: cheusi, kimetulia, na kile kistari cheupe kinacheza pale juu taratibu. Hiyo inaitwa prosesi. Ndani mle kuna mchakato, na ndani ya mchakato kuna mchakato mdogo. (Mama Msajili anasoma kioo: “Imeandika inatafuta mtandao, tafadhali subiri.”) Mmesikia? Tafadhali! Mashine yenye adabu kama hiyo utaipata wapi?

Ushahidi wa kwamba mtandao upo hauko katika maneno yangu, maana mimi siyo mtu wa maneno. Uko nyuma ya kompyuta. Pale nyuma kuna kadi mbili za mtandao, kila moja ina tundu lake la waya, na juu ya kila tundu kuna taa ndogo ya kijani, na taa zote mbili zinawaka na kukonyeza usiku na mchana. Siku ya uzinduzi, nilipochomeka waya na taa zile zikaamka kwa pamoja, watu walipiga makofi hadi jirani wa leseni akaja kuuliza nani amefariki. Mkwe Mkubwa mwenyewe nilimweleza habari za taa hizi siku ya posa, akanipa mkono kwa mikono miwili. (Mkwe Mkubwa: “Uliniambia umeunganisha ofisi zote za ndoa.”) Nilikueleza dira, mkwe. Dira na hali halisi ni mtu na mdogo wake.

Ngoja niwaonyeshe, msije mkasema nawapaka mafuta. Nashuka kwenye kiti. Naikaribia mashine. Mnaona hapa mbele? Kitufe hiki chenye mwanga ndicho kinachodhibiti mwendokasi wa mtandao, ukikibonyeza kidogo tu, kwa heshima, hivi… (Kompyuta inazimika. Ukumbi mzima: “Aaah!”)

(Dada yake: “Kaka! Umeizima!”)

Sijaizima. Nimeipumzisha kimkakati. Na sasa naibonyeza tena, mnaona, imeamka, inaanza upya kabisa, na wote mliochelewa kufika mtaiona tangu mwanzo, hakuna atakayesema amebaguliwa. (Mkwe Mkubwa anatazama saa ya ukutani. Mashangazi wanamtazama Mkwe Mkubwa. Bibi harusi anavua viatu vyake vya harusi, anavipanga kando ya meza, anapiga magoti kwa gauni lake jeupe na kuingia chini ya meza ya kompyuta.)

Mwanangu, toka huko. Bibi harusi hatambai. Gauni hilo mama yako amelishona kwa macho yake mawili. (Sauti ya bibi harusi kutoka chini ya meza: “Mjomba, huu waya unakwenda wapi?”)

Unakwenda mbele, mwanangu. Mtandao siku zote unakwenda mbele.

(“Mbele wapi?”)

Ndugu wageni, wakati fundi wetu wa ndani anafanya ukaguzi shirikishi ambao mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuuagiza, naomba niendelee na kipengele cha mafanikio. Mafanikio ni mengi na yanashabihiana. Tumejenga uwezo. Tumejengewa uwezo. Pale ambapo uwezo ulikuwepo tayari, tuliuzungushia uzio. (Bibi harusi anatoka chini ya meza na vumbi magotini, ameshika waya wa bluu kwa vidole viwili. Anaufuata kwa macho: unapanda ukutani, unapita juu kabisa karibu na dari, umepigiliwa vibana vidogo kwa umbali ulio sawasawa. Anaanza kuufuata kwa miguu, mkono juu.) Mnamwona? Anakagua. Huyo ni damu yangu. (Bwana harusi anainuka, anaokota mkia wa gauni lisiburuzike, anamfuata. Shangazi mmoja, akidhani shughuli imeanza, anapiga kigelegele. Mashangazi wengine wanapokea. Nusu ya ukumbi inasimama na kuwafuata maharusi.)

Kaeni! Kaeni tafadhali! Huo si msafara! (Msafara unazunguka ukumbi ukifuata waya. Unapita juu ya picha, juu ya dirisha, juu ya mlango. Mkwe Mkubwa, nyuma ya mwanawe, anakagua vibana: “Kupigilia kumepigiliwa, hilo siwezi kumnyima.”) Asante, mkwe, mmesikia tathmini huru! (Waya unatoka kwa mlango wa kushoto. Msafara nao unatoka. Vigelegele vinasikika koridoni, vinapungua, vinasikika upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha kusubiria, ambako watu wenye shughuli zao wanauliza kuna nini na kujiunga.)

Nyinyi mliobaki, nawapongeza kwa nidhamu. Mliobaki ndio wadau halisi. Natumia nafasi hii kutangaza kwamba katika awamu ya pili ya mradi, kila mgeni wa harusi atapata muunganisho, kila kiti kitakuwa na waya wake, na mtu akitaka kupongeza maharusi hatahitaji kuinuka, atabonyeza tu, na pongezi zitajipanga zenyewe kwa mujibu wa undugu. Katika awamu ya tatu… (Vigelegele vinakaribia. Msafara unaingia kwa mlango wa kulia. Bibi harusi yuko mbele, mkono juu, bado anaufuata waya. Waya unashuka ukutani nyuma ya pazia, unapita chini ya zulia, unapanda mguu wa meza. Bibi harusi anasimama nyuma ya kompyuta ile ile. Vigelegele vinakatika kimoja kimoja.)

(Bibi harusi: “Mjomba.”)

Naam, mwanangu.

(“Umetoka kwenye kompyuta, umezunguka jengo lote, na umerudi kwenye kompyuta hiyo hiyo.”)

Duara ni umbo kamili, mwanangu. Mwulize mtu yeyote aliyesoma.

(Dada yake anashika kichwa: “Kaka, umetundika waya wa mtandao kama unavyotundika mapambo ya harusi! Umeanzia hapa, ukazunguka ukumbi, ukamalizia hapa hapa ili ipendeze!”)

Na haikupendeza? (Kicheko cha ukumbi mzima, pamoja na watu wa chumba cha kusubiria.) Kila kitu nilichowahi kutundika katika jengo hili, kimeanzia mahali na kikarudi mahali hapo. Utepe unarudi. Maua yanarudi. Nyuma ya kompyuta niliona matundu mawili, na waya una ncha mbili. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini, mngeiacha ncha moja inaning'inia mbele za wageni? Na taa ziliwaka! Zote mbili!

(Bibi harusi, akigeukia watu: “Sikilizeni, ndiyo maana haiwaki. Kompyuta ikiamka, hizi kadi zinaita, zinatafuta kompyuta nyingine ya kuziongoza. Kama hakuna waya, zinajua hakuna mtu, zinanyamaza, na mashine inaendelea na kazi zake. Lakini kadi hizi zimeona waya una uhai, zikaamini upande wa pili kuna mwenyeji. Zinaita, zinasubiri kuitikiwa. Zinaita tena. Upande wa pili ni zenyewe.” Mtu wa dirishani: “Masikini!” Bibi harusi: “Nichomoe, Mjomba?”)

Usichomoe!

(Ukumbi mzima unamgeukia.)

Yaani, nasema, tusichukue hatua za pupa. Uchomoaji ni mchakato. Unahitaji kikao, kikao kinahitaji akidi, na akidi, ambayo ni mimi, haijajiandaa. Fikirini, ndugu zangu: ukichomoa waya, taa zinazimika. Taa zikizimika, mtandao uko wapi? Mtandao usipokuwepo, kitengo cha mtandao ni cha nini? Na kitengo kisipokuwepo, huyu anayezungumza hapa mbele ni nani? (Sauti ya nyuma: “Ni mjomba wa bibi harusi, na anatuchelewesha!” Kicheko.) Mimi nimewaambia watu habari za mtandao huu. Nimewaambia majirani. Nimemwambia kinyozi, na mnajua mtu akimwambia kinyozi. Nimemwambia Mkwe Mkubwa mbele ya ukoo wake. Sasa mnataka nizime taa zangu kwa mkono wa mtoto niliyembeba mwenyewe, siku ya harusi yake, mbele ya wakwe?

(Mkwe Mkubwa anavaa kofia: “Mwanangu, chukua begi. Utatangulia wewe. Ya ndoa tutayaona baadaye.” Bwana harusi hasogei. Ameshika mkia wa gauni kwa mikono miwili. Mama wa bibi harusi, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu anaisikia: “Kaka. Mtoto anaolewa leo au haolewi?”)

Dada, usiniulize hivyo mbele za watu.

(“Nakuuliza mbele za watu kwa sababu wewe unanijibu mbele za watu tu.”)

(Bibi harusi ameweka kidole kwenye kichomeo cha waya, anamtazama mjomba wake, anasubiri.)

Basi. Naomba utulivu. Naomba na watu wa dirishani watulie. Kwa kuzingatia hali halisi iliyopo na isiyokuwepo, na kwa kuzingatia mchango wa wadau, hususan mdau ambaye tumenyonya ziwa moja, na baada ya mashauriano ya kina ambayo nimeyafanya sasa hivi moyoni na yameniuma, mimi, Mkuu wa Kitengo, kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu yeyote mwenye kofia wala asiye na kofia, natangaza kwamba mtandao huu, uliolitumikia taifa la ukumbi huu kwa uaminifu, kuanzia sasa unasitish… (Bibi harusi anachomoa waya. Taa zote mbili zinazimika. Kioo cha kompyuta kinang'aa, mlio wa kuwaka unasikika, na ukurasa wa vyeti unafunguka.)

…wa.

(Makofi, vigelegele, miluzi. Mtu wa dirishani anaingia ndani kabisa.)

Mmeona kasi hiyo? Mmeona? Hayo ndiyo mafanikio ya uongozi unaojua kuachia! Tangu leo naomba ieleweke kwamba kompyuta ya ofisi hii imeharakishwa chini ya usimamizi wangu, na uharakishaji huo umefanyika bila kununua kifaa chochote, kwa kupunguza kilichozidi! (Mama Msajili anaandika majina ya maharusi, vidole vinakimbia: “Endelea kushukuru, Bwana Mkuu, mimi niko hapa nakimbizana na basi.”)

Nashukuru, Mama, na sasa nashukuru rasmi. Nawashukuru wafadhili wa Mradi Jumuishi wa Mtandao wa Ndoa, ambao niliwaandikia barua nzuri sana, na siku nikiwafahamu ni akina nani nitaituma. Namshukuru mkandarasi, ambaye ni mimi na ngazi. Naishukuru bajeti ya mradi, ambayo ni bunda la waya lililobaki jirani pale leseni walipokuwa wanafungiwa mtandao wa kweli, wakataka kulitupa, nikawaambia, leteni huku, nitalipatia kazi. Naishukuru timu ya upembuzi yakinifu, kwa kutokuwepo, maana wangekuwepo wangenizuia. Nawashukuru wakubwa wa juu, ambao hawakuupitisha mradi wala hawakuukataa, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Na kwa namna ya pekee, kwa unyenyekevu mkubwa, naishukuru Kompyuta ya Pili, ile ambayo waya wetu ulikuwa uende kuiunganisha na hii. Sijawahi kuiona. Haijanunuliwa. Hakuna aliyeombwa ainunue. Lakini nimeitaja katika hotuba nyingi, na naomba radhi kwa mapengo atakayoyaona mtu akizisikiliza upya. (Kicheko, lakini cha upole. Dada yake anafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.)

Mtandao wa Ndoa! (Sauti chache: “Ulikuwepo!” Sauti nyingi: “Haukuwepo!”) Waya juu! (“Chini!”) Kompyuta moja! (“Inatosha!”) Mjomba! (Bibi harusi: “Yupo!”)

(Mama Msajili, bila kuacha kuandika: “Maharusi, njooni muweke sahihi hapa. Bwana harusi, vizuri. Bibi harusi, kanyaga taratibu, usiumie miguu. Shahidi wa upande wa bwana harusi?” Mkwe Mkubwa: “Mimi. Seremala.” “Shahidi wa upande wa bibi harusi?” Bibi harusi: “Mjomba wangu.” “Mjomba, kazi yako?”)

Andika, Mama: Mkuu wa Kitengo cha Mitambo, Mtandao na…

(Mama Msajili anaondoa vidole kwenye kibodi: “Sikiliza, Bwana. Kwenye hotuba sema utakalo, mimi nimezoea. Hapa ni kwenye cheti. Kule hospitali watakikagua kabla hawajawapa watoto hawa funguo za nyumba. Watapiga simu hapa kuuliza kama shahidi ni mtu wa kweli, na atakayepokea simu ni mimi. Nitawaambia nini?” Nje mtu anasema teksi ya kuwapeleka maharusi kwenye basi imefika. Mkwe Mkubwa ameinua kichwa, anasikiliza.)

Mkwe, ungetoka kidogo ukawatazamia hiyo teksi?

(Mkwe Mkubwa: “Teksi ina dereva wake. Jibu, mkwe, vijana wanachelewa.”)

Naam. Basi andika, Mama. Andika, mpanga viti.

(Mama Msajili anaandika. Anapeleka kidole kwenye kitufe cha kuchapa.)

Ngoja, usichape kwanza. Wakipiga simu watauliza. Ongeza hapo mbele: wa muda.